Presha Iliyonizuia Kumtolea Dada Damu

Marahaba, mjukuu wangu Anjela.

Hapa Mollo tu wazima, mahindi tumevuna, na bibi yako anakusalimu. Umeuliza kama kweli ubongo unaweza kupandisha presha ya mtu asiyeumwa.

Nilikuwa kijana. Dada yangu Skolastika alijifungua, akatokwa na damu nyingi, na kati yetu wote tuliompeleka hospitali damu iliyolingana na yake ilikuwa yangu tu. Muuguzi alinipima, akatikisa kichwa.

"Presha iko juu mno. Siwezi kukutoa damu."

"Nitoe tu, atakufa!"

Akapima tena, ikawa imezidi. Akavuta kiti karibu yangu.

"Kaka, dada yako yu hai. Ila kichwa chako kimeshamzika, na moyo unakitii kichwa. Shusha pumzi polepole. Niambie, kwenu ulezi mnalimaje?"

Nikaeleza huku sauti ikitetemeka: tunavyofukia majani kwenye matuta, tunavyorusha mbegu. Kabla sijafika kwenye kuvuna, alikuwa amepima mara ya tatu, na presha imeshuka.

"Lala hapo," akasema, akachukua sindano.

Hofu ilikuwa imeufikia moyo wangu kabla ya msiba wowote kutokea.

Jioni Skolastika alifumbua macho, akanitazama.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "mbona unayetetemeka ni wewe?"

Babu yako