Sheria ya Mulingoti na Waya Niliyokata

Mpendwa Mama Adolphine wa redio, naomba msaada, lakini kwanza ujue ni nani anakuandikia: ni mi, kijana ambaye Mungu mwenyewe akitaka kusemesha Kasai anapita ku waya yangu. Masomo sikuacha, yenyewe njo iliniacha, iliona haina kitu ya kunifundisha tena. Niko na foni, ile redio ya kusemesha bantu ba mbali, na Kolwezi muzima hakuna mwenye anaitumikisha kama mi, Kasaji bananijua sauti, Fungurume bananijua sauti, hata bamama benye hawajaniona banauliza kama nimeisha kuoa.

Shida yangu ni mulingoti. Komini, ofisi ya serikali ya hapa, iko na sheria ya zamani: mulingoti ya antena isimame mbali na kila nyumba sawa na urefu yake, ili siku ikianguka ianguke ndani ya lupango, kiwanja ya mwenyewe, na mwenye lupango kidogo aombe kufunga waya kwa jirani. Lupango yetu ni kama kitambaa ya kupangusa pua. Basi tulitumia mulingoti ya jirani, Tata Tshilombo, sababu lupango yake ni kubwa, iko ku kona, na tulisikilizana muzuri: yeye na foni yake asubuhi, mi na yangu mangaribi, waya ni moja, na bibi yake, Mama Ntumba, ananiletea chai nikikubali kunyamaza kidogo.

Sasa mambo ya mwaka huu unaijua. Kazi ya mugodi imekufa, na bantu ba Kasai banafukuzwa mu Kolwezi, eti barudie Kasai, hata benye walizaliwa hapa, hata Tata Tshilombo mwenye alizeekea mu mugodi. Foni yake, benye kufukuza bakaibeba mbele ya macho yake. Leo yeye na Mama Ntumba banalala ku gare juu ya mizigo, banangoja treni. Binti yao, dada Mushiya, alitangulia ku treni ya mbele na mimba kubwa, akasema akifika Mwene-Ditu, kule Kasai, atatafuta foni na kuniita mangaribi. Wakati wa kutoka nyumbani Mama Ntumba alinishika mukono, akasema, "Mwana wangu, sasa masikio yangu ni weye."

Sikia sasa ujinga wa bantu. Mutu mumoja akaingia ku nyumba ya Tata Tshilombo wakati moto ilikuwa bado ku mbabula ya kupikia, akasema hata mulingoti ni yake. Mi nikaingoa, nikaibeba, nikaisimamisha kwetu. Karani wa komini, mwenye ofisi yake haina tena hata kiti, akafika kupima. Eti ni murefu, ikianguka itaangukia jikoni ya jirani. Nikamwambia, "Tata, nchi muzima inaanguka na hakuna mwenye kuipima, ni mulingoti yangu tu?"

Akanijibu, "Nchi haina lupango. Weye uko nayo."

Bantu bakacheka, na mi sichekwi bure, nikakamata musumeno nikakata mulingoti katikati, na waya vilevile, sababu haikuwa tena na fasi ya kunyooka. Karani akasema muzuri. Muzuri gani? Sasa foni inasikia Mutoshi tu, na Mutoshi hata mi naweza kuiita na mudomo. Benye kuwa na milingoti ingine banakatala kugawana, banasema waya ya pili inaleta makelele. Sasa nishitaki nani, karani ao yule mwenye aliingia ku nyumba? Niambie, juu bote bamenichokesha.

Kisha kuko kitu kingine. Nilipeleka mahindi ku gare, Mama Ntumba akaniuliza mbele ya bantu kama Mushiya ameita, na mi nikaona haya kusema foni yangu imekuwa kiziwi, nikasema, "Ameita, Mama. Amefika muzuri." Akafungua mizigo, akatoa kitenge yake ya sikukuu, akaanza kuipasua vipande vya kubebea mutoto, na banamuke bote ba pale bakapiga vigelegele. Mama Adolphine, Mushiya hakuita. Ao aliita, na waya ya kumusikia nilikuwa nimeisha kuikata.

Mi, Masikio ya Kolwezi

*

Mwanangu Masikio,

Mlingoti umeuandikia barua nzima, na Mushiya umemtupa mkiani. Mimi, Mama Adolphine, nitaanza mkiani.

Karani amekuchosha, ninakuelewa. Kupima vyuma wakati majirani wanafukuzwa kunaudhi hata mtu mpole. Lakini waya hakuikata yeye. Uliikata wewe, kwa sababu ulichekwa. Na sheria unayoitukana ndiyo iliyokupeleka kwa Tata Tshilombo kuomba, ukapata jirani.

Unafikiri ulimpa mama furaha. Ulimfunga macho. Njia ya Mwene-Ditu ni ndefu, na treni inasimama Tenke, inasimama Bukama, inasimama Kamina. Mama anayejua kwamba binti yake hajasikika atashuka kila gare, atauliza wakunga, atafunua kila turubai la waliokwama njiani. Mama uliyemwambia "amefika muzuri" atakaa juu ya mizigo yake na kumpita mtoto wake aliyelala kando ya reli.

Kwa hiyo barua yako sikuingojesha kipindi cha Jumapili, ninaisoma hewani leo. Inuka. Nenda gare, waite Tata Tshilombo na Mama Ntumba pamoja, upige magoti, useme hivi bila kupamba: "Nilidanganya. Mushiya sijamsikia. Waya niliikata." Karani usimtaje. Mama akikupiga, tulia upigwe.

Ukitoka hapo, kimbia kwa mapadri. Wana foni, na mlingoti wao uko katikati ya uwanja, hauna jiko la kuangukia. Waombe waite Mwene-Ditu, kisha Kamina, waulize binti mwenye mimba aliyetoka Kolwezi. Jibu lolote utakalopata, lipeleke gare kama lilivyo, hata likiwa baya. Baadaye unga waya yako, uombe kuifunga kwao, na kila jioni uwafungulie foni watu wote wenye ndugu njiani. Mashitaka yako weka pembeni.

Jina lako nimelificha. La Mushiya nimelisoma wazi, maana pengine mtu wa kando ya reli ananisikiliza na amemwona. Lakini hata gare kuna redio. Kimbia, mama asiyasikie haya kwangu kabla ya kuyasikia kwako.