Tulicheza na Mukono Mumoja

Jumamosi, 2 Machi
Mazoezi nyuma ya chumba changu cha kushonea. Tulikuwa saba. Zawadi hakukuja, na yeye ndiye anaanzisha wimbo. Tukarudia hatua za difile, maandamano ya wanawake ya tarehe nane, mupaka miguu ikauma. Kisha jirani yake akaleta habari: bwana yake, Hasani, amemupiga tena. Na muchi wa kinu. Mukono wa kushoto umevunjika.
Sikushangaa. Hilo linanitia haya.

Jumatatu, 4 Machi
Zawadi iko hospitali, mukono umefungwa mupaka bega. Analia, lakini si kwa sababu ya mukono. Hasani amepeleka watoto wao wawili huko Wamaza, kwa mama yake. Wajomba wa Zawadi wamekaa na wakwe, wamekunywa chai, wamekata shauri: arudi kwa bwana, aombe musamaha. Yeye ndiye aombe.
Nina hasira. Nilishona kola kombo. Nikafumua.

Jumatano, 6 Machi
Nimewaambia wenzangu: tucheze na mukono mumoja, wa kushoto tuufunge kifuani na kitambaa cha kikwembe. Wawili wakakataa, wanaogopa mabwana zao. Jioni mumoja akarudi, akafunga mukono. Tuko sita.
Ni ngumu. Mwili unavutwa upande. Nilianguka, goti limevimba.
Mama anayepanga difile amesikia. Anasema siku hiyo ni ya furaha, mambo ya nyumba za watu yabaki nyumbani. Bwana yangu anasema watu watafikiri ni yeye. Nikamwambia: wakifikiri, useme sivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Walitufuta kwenye orodha. Tukaingia tu. Wanawake wauza samaki wakatufungulia nafasi katika mustari wao.
Mbele ya wakubwa tukasimama, tukacheza bila ngoma. Miguu na vumbi. Mutu mumoja alicheka. Hapo Zawadi akatoka kati ya watu, na bandeji yake, akaanza kuimba: mukono huu ulitwanga, mukono huu ulibeba watoto, nani ameuvunja? Hatukupanga hivyo. Hakutaja jina. Muji wote wa Kasongo unajua. Wauza samaki wakafungua vilemba, wakafunga mikono yao.
Niliogopa sana. Niliendelea.
Muchana tukamusindikiza kwa polisi. Wakaandika yote. Wajomba hawakuonekana. Atalala kwangu.

Jumapili, 10 Machi
Nilitoka misani, nikakuta pikipiki mulangoni. Mama yake Hasani, kutoka Wamaza, na wale watoto wawili, wote vumbi tupu. Habari ilikuwa imemufikia. Alikataa kiti. Akamwambia Zawadi, “Hasani nilimuzaa mimi. Kupiga, sikumutuma. Polisi wakiniita, nitakuja kusema hivyo.” Akanywa maji, akapanda tena pikipiki.
Zawadi alikuwa anawanusa watoto vichwani.
Bwana yangu amesogeza cherehani, akatandika mukeka. Tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mutoto mudogo amelala kabla ya kumaliza sahani. Mvua inanyesha polepole.