Mbweha wa Upande wa Kushoto

Kambi ya Mashindano, North Carolina
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Babu Vernon mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jicho lako linaendelea vizuri tangu upasuaji, na kwamba hujafungua bandeji kuchungulia. Nakujua. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala chumba kimoja na wasichana watano wanaokoroma. Simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku la kocha mpaka mashindano haya ya softboli yaishe, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Babu, sisi Bundi wa Wooster tumeaibika. Beji zetu hazijafika. Kiwanda kimemwambia Kocha Renner kwamba mzigo umekwama njiani, na hakuna anayejua umekwama wapi. Jana jioni wasichana wa kila timu walitandaza mataulo kwenye nyasi wakapanga beji zao za kubadilishana, na sisi tukawa tunapita katikati yao kama watu walioingia harusini bila kadi. Msichana mmoja wa Texas akaniuliza, "Za kwenu ziko wapi?" Nikamwambia zinakuja. Akasema, "Basi na za kwetu zitakuja zikija za kwenu." Wenzake wakacheka, na mimi nikajifanya naangalia ndege.

Ulinifundisha kwamba hapa mtu hujulikana kwa beji anayotoa kabla hajajulikana kwa mpira anaopiga. Sasa mimi nitajulikana kwa nini? Nimekuja mbali kote huku, na sina hata rafiki mmoja nje ya timu yangu. Niombee.

Mjukuu wako,
Brynn

*

Wooster, Ohio
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mjukuu wangu Brynn,

Marahaba, marahaba. Jicho linawasha tu. Bandeji sijaigusa, isipokuwa mara moja, na hiyo haihesabiki. Bi Yoder wa nyumba ya pili ananiletea tambi za kuku kila siku na kunigombeza bila malipo. Yeye ndiye aliyeandika anwani juu ya kifurushi hiki, maana mimi kwa jicho moja ningekipeleka Kanada.

Mkono mtupu haulambwi, mama. Nilipomaliza kuisoma barua yako nilitundika kizibao changu cha beji kwenye kiti cha jikoni nikavua safu mbili za upande wa kulia, zile za kubadilishana. Za kushoto, zinazokaa juu ya moyo, unajua haziguswi hata akija Rais na walinzi wake. Hizi ninazokutumia ni za zamani, na watoto wa siku hizi hawajaziona. Tandaza taulo lako, kaa, usikimbilie watu. Watakuja wenyewe.

Ila ukumbuke adabu yetu. Beji moja kwa beji moja. Usimlaghai aliye mdogo kuliko wewe. Na mkono ukishapeanwa, umepeanwa, mtu harudi kesho kudai chake. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa hilo kuliko mimi. Na yule wa Texas mbadilishie wa mwisho.

Babu yako,
Vernon

*

Kambini
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Babu yangu wa dhahabu,

Shikamoo, na mwambie Bi Yoder nampenda. Hali yangu ni njema kupita kiasi. Jana tumeshinda mechi, lakini hiyo si habari. Habari ni taulo langu.

Nilikaa tu kama ulivyosema. Akaja mmoja, wakaja watatu, mwisho kukawa na foleni. Kocha wa Oregon, mtu mzima na ndevu zake, alipiga magoti kwenye nyasi akasema, "Binti, hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia, "Kwa babu, na babu hauzwi." Yule wa Texas alikuja mara mbili. Nilimwambia foleni inaanzia kule.

Lakini bora kuliko wote ni Pualani, wa timu ya Hawaii. Alichagua yule mbweha mdogo mwekundu wa mwaka 1997. Akamgeuzageuza, akasema, "Huyu mbona sikio limemeguka?"

"Alipigana."

"Na nani?"

"Na kobe."

"Basi ana bahati amebaki na kichwa. Kobe wetu hawana mchezo." Akatoa beji yao, kobe ambaye macho yake yanawakawaka ukimbonyeza, akasema, "Nakupa huyu. Wapatane."

Tukapeana mikono. Tangu jana tunakula pamoja. Wana wali uliokandamizwa na kipande cha nyama ya kopo juu, umefungwa kwa mwani, nimekula vipande vinne. Babu, nina rafiki.

Mjukuu wako mwenye raha,
Brynn

*

Wooster
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Brynn mama,

Salamu. Sijui hali yako, barua yako haijafika, ila naomba iwe njema. Mimi leo daktari amenitoa bandeji. Nimerudi nyumbani nikaona vitu vyote vizuri, mpaka vumbi la juu ya friji. Kisha nikakiona kizibao changu.

Upande wa kulia umejaa. Upande wa kushoto una safu mbili tupu.

Nimevaa kizibao kile miaka mingi, na kikiwa mwilini mwangu kushoto ni kushoto. Lakini siku ile kilikuwa kwenye kiti, kimenikabili uso kwa uso kama mgeni, na upande wake wa kushoto ulikuwa kulia kwangu. Mzee mzima, nikavua upande wa moyo nikakupelekea uugawe.

Zilizokwenda zimekwenda, sizililii, isipokuwa moja. Ni mbweha mwekundu wa 1997, sikio lake limemeguka. Sikuwahi kukusimulia habari zake kwa sababu kila nikianza, nahamia habari nyingine. Beji ile ni ya timu ya mama yako. Nilikuwa kocha wao. Tulifika fainali ya jimbo, na mshindi ndiye angekwenda kwenye mashindano hayo uliyomo sasa, kwenye uwanja mkubwa wenye taa. Raundi ya mwisho mama yako, Janelle wangu, alikaa benchi akiwa ameitia beji mdomoni kwa wasiwasi, mpaka akalitafuna sikio la mbweha. Tukafungwa kwa pointi moja. Akanibandikia kizibaoni mwenyewe, akasema, "Mtunze baba, mwakani nitampeleka." Mwaka uliofuata hatukufika hata robo fainali. Nyingine zote tulibadilishana zikaisha. Sisi watu wa beji tuna ugonjwa huo, tunakusanya za dunia nzima tunasahau kubakiza za kwetu. Imebaki hiyo moja tu.

Kama bado unayo, iweke ndani ya soksi. Nakuomba.

Babu yako

*

Wooster
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Barua zetu zimepishana njiani; yako ya Alhamisi nimeipata leo, na nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta.

Sitakudanganya, nimeumia. Lakini aliyekosea ni mimi na kiti cha jikoni, wewe huna kosa lolote. Usimwombe yule binti amrudishe. Maji yakimwagika hayazoleki, na mkono ulipeanwa. Ukienda kudai, mama yako atageuka huko aliko. Kobe anayewakawaka ni beji nzuri, na rafiki ni bora kuliko beji.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Babu

*

Kambini
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Sijaugua.

Tumetolewa. Texas wametufunga, na usicheke. Timu zote zinabaki mpaka sherehe ya kufunga, kwa hiyo tutaondoka Jumatatu.

Babu, barua yako ya Ijumaa ilifika kabla ya hii ya Jumatatu, na mimi sikungoja. Nilikwenda chumbani kwa Pualani nikiwa na beji zangu zote kwenye kofia, na yule kobe juu yake. Nilitaka kumwambia achukue zote. Nilipofika nikaanza kulia mbele ya timu nzima ya Hawaii. Wakanikalisha kitandani, wakanipa wali wao. Nikamsimulia Pualani yote: benchi, sikio, na maneno ya mama kwamba mwakani atampeleka. Sikujua kama mama alikuwa mtu wa kutafuna vitu. Mimi hutafuna kamba za glavu, unanigombeza kila siku, mbona hukuniambia nimemrithi?

Sikurudi na mbweha. Najua utaumia tena, lakini usiniulize sasa.

Ninaloomba ni moja. Fainali ni Jumapili saa nane mchana, na Hawaii wamo. Washa televisheni mapema, wachezaji wanapotajwa majina. Usiende kuchemsha kahawa. Vaa miwani yako mipya.

Mjukuu wako,
Brynn

*

Wooster
Jumapili, 17 Agosti 2025, jioni

Brynn, mama yangu,

Natumaini umesafiri salama. Barua hii siipeleki posta. Utaikuta juu ya mto wako ukifika, maana ninayotaka kusema nikiyasema kwa mdomo nitaharibu.

Nilikaa mbele ya televisheni tangu saa saba, na Bi Yoder pembeni na pai yake. Wasichana wakapanga mstari kwenye ule uwanja, kipaza sauti kikapita kwa mmoja mmoja. Huyu anapenda kuogelea, huyu anapenda mbwa. Kikafika kwa msichana mwenye nywele ndefu, akashika ukingo wa kofia yake na kuinamisha kichwa ili kamera ione. Akasema, "Naitwa Pualani, nalinda besi ya tatu. Na huyu kwenye kofia yangu ni Janelle kutoka Ohio. Alitaka kufika hapa. Leo tumekuja wote."

Nililiona lile sikio. Brynn, nililiona kwa macho yote mawili.

Mwamuzi akamfuata amwambie atoe, chuma hakiruhusiwi kichwani, na ni kweli, sheria ni sheria. Akakitoa kibeji kile taratibu, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akapapasa mara mbili kuhakikisha. Halafu akaenda kusimama kwenye besi ya tatu, kituo chake uwanjani, na mama yako akacheza fainali nzima. Mimi nililia kama mtoto, wala sioni haya kuandika. Matokeo sikuyashika. Bi Yoder anasema Hawaii walishinda, na kwamba pai nimeila yote peke yangu.

Nimekuwa nikijiuliza tangu mchana: alikurudishia, ukakataa? Nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kama mimi ningekuwa wewe, ningempokea na kumfunga ndani ya soksi, na angebaki humo mpaka nizikwe. Miaka yote hii nilidhani ninamtunza. Kumbe nilikuwa nimemzuia.

Boksi la beji zenu lilifika jana, ninyi mmeshatolewa, na bundi ametoka vizuri, macho makubwa kama ya Kocha Renner. Moja nimeibandika kushoto, pale alipokaa mbweha. Usiiguse.

Nyingine nimeitia kwenye bahasha ya Hawaii, nikabandika stempu, ila anwani utaiandika wewe. Tangu nianze mambo ya beji sijawahi kutoa hata moja bila kupokea nyingine. Mwandikie Pualani kwamba babu hadai kitu.

Babu yako,
Vernon