Vidonge vya Mbwa wa Mwalimu Roselyn

Langoni, Lamu

Kwa mdogo wangu Mwana, Chundwa,

Assalamu alaikum. Goti lako limepoa? Na mume wako, bado akohoa na bado abisha? Sisi wazima kwa macho ya watu. Barua hii isome peke yako. Skuli sikupelekwa, lakini herufi nilizosomea Kurani chuoni ninazo, na nimeandika kwa mkono wangu kwa sababu simu ni ya mjukuu wangu Rania, na Rania hana siri.

Mwalimu Roselyn, mpangaji wetu wa kutoka bara, wamkumbuka. Ana mbwa jike. Alipasuliwa akatolewa kizazi asizae, na tangu hapo mkojo ukawa wamtoka akilala, hata hajui. Daktari wa wanyama kule Mokowe, Bwana Bramwel, akatoa vidonge. Mwalimu alipokwenda kwao likizo ya Disemba, aliniomba nimtilie mbwa kidonge kimoja ndani ya samaki kila siku ya tatu. Nikamwambia mbwa simgusi, samaki nitamrushia. Akacheka, akasema mbwa mwenyewe aniogopa.

Basi mbwa akakauka. Gunia lake likawa kavu kuliko godoro langu. Naam, langu. Mwaka wa tatu huu nikipiga chafya nimeharibika. Natawadha mara nne kwa sala moja, na darsa ya wanawake nimeiacha nikisingizia miguu. Hata wewe nilikudanganya.

Roselyn alirudi juzi, akatikisa kopo, akapiga ukelele. Alisema vidonge vya karibu mwaka mzima vimekwisha kwa wiki sita, eti nimemlisha mbwa kama karanga. Akanieleza alivyoonywa na Bwana Bramwel: dawa ile ni homoni za kike, hata mbwa asiye na kizazi hupewa kwa kipimo, na mwenye kizazi hapewi, huweza kutoka damu na kizazi kikaharibika. Leo asubuhi amevuka naye kwenda Mokowe akapimwe. Nilisimama mlangoni nikamtazama ambebavyo huku mwalimu analia, kisha nikaingia ndani kukuandikia.

Mbwa hana kitu, Mwana. Alikula vyake tu. Vingine vyote nimevimeza mimi, kila siku kimoja asubuhi, kimoja magharibi. Na wallahi nilikauka. Niliswali magharibi na isha kwa udhu mmoja, nikalia kwa furaha.

Kisha damu ikaja. Mimi, mwanamke wa miaka sabini na miwili! Leo siku ya tisa, na yazidi. Sijui niswali au niache, na maalim siwezi kumuuliza. Kizazi changu ninacho, Mwana. Watoto saba kilinizalia.

Hospitali siendi na Rania, na mbele ya daktari mwanamume peke yangu sitafungua mdomo. Njoo kabla ya Ijumaa. Nitukane ndia nzima hadi hospitali, lakini nishike mkono. Mwalimu atarudi jioni na mbwa mzima, naye si mjinga.

Nibusie wajukuu wote, na usiwaambie kwa nini waja huku.

Nduguyo wa tumbo moja,
Mwanamkuu