Nyumba Iliyonguruma Nguba

Nguba, Bukavu, tarehe 4 oktoba 1982

Kwa Papa Venant,

Jambo sana, Papa. Barua hii ikukute na nguvu huko Shabunda, na ile malaria ya mwezi wa nane iwe imekuacha. Sisi tuko wazima. Maman anakusalimia, anauliza kama unapika mwenyewe.

Papa, kuko habari kubwa. Radio ya hapa inataka kurekodi orchestre yetu. Tuko wasichana wanne: mimi napiga gitare ya solo, Colombe wa nyumba ya pili anaimba. Fundi wa radio, Citoyen Mushagalusa, alikuja juzi samedi na machine yake, maana wanarekodi kila kundi pale linapofanyia répétition, mazoezi yake, na sisi tunafanyia hapa nyumbani, kwenye saluni tunamokaa na wageni. Alivaa écouteurs zake za masikio, akasikiliza kidogo, akazivua. Alisema ndani ya ampli yangu, ile inakuza sauti ya gitare, kuko nyuki.

Ni kweli. Nikiiwasha tu inanguruma nguuu, hata sijapiga kitu. Na jana nilisogea kwenye mikro kuitikia wimbo, vidole vikiwa kwenye nyuzi, umeme ukanipiga midomo. Ile mikro iko na ampli yake, tunaivutia umeme kutoka kwa Colombe, kwa kamba inayopita juu ya ukuta.

Mushagalusa atarudi tarehe 14 novemba, mara moja tu. Akisikia tena nyuki, atachukua kundi lingine. Papa, umeme wa nyumba hii ni wewe uliuweka. Nifanye nini?

Mutoto wako,
Delphine

Shabunda, tarehe 13 oktoba 1982

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Malaria imekwisha. Mwambie ninapika mwenyewe, na sufuria mbili zimekwisha kuungua.

Kwanza, na hii ni amri: usiguse tena mikro na nyuzi pamoja mpaka tujue. Umeme ukikupiga midomo umekuonya. Mara ya pili hauonyi.

Umeme wa nyumba niliuweka na mikono yangu mwaka wa 76. Niko na miaka kumi na tisa katika kazi hii, na kambi nzima ya mine, huu mugodi wa hapa, inawaka kwa kazi yangu. Kosa haliko ndani ya ukuta. Litafute kwenye ampli. Badilisha kamba ya gitare, usikilize. Zima taa ya néon ya saluni, usikilize. Geuka polepole na gitare mukononi, usikilize. Kisha peleka ampli kwa Colombe, uipige kule. Fanya kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili pamoja hautajua ni kipi kimejibu. Andika yote.

Mambo ya gitare yenyewe, unajua mawazo yangu: si kazi ya binti. Lakini umeme ni umeme.

Papa yako

Nguba, tarehe 19 oktoba 1982

Papa,

Jambo. Tuko wazima, na mimi silali vizuri kwa furaha, maana nimeanza kuona kitu.

Kamba mupya: nguuu ileile. Néon kuzima: kale kasauti kembamba juu, kama ka mbu, kakaenda, lakini nguuu ikabaki. Kugeuka: nikiangalia ziwa inapungua kidogo, nikiangalia barabara inarudi. Tukabeba ampli kwa Colombe, nikawasha. Papa, kimya. Nilifikiri imekufa. Nikapiga uzi moja, sauti ikatoka safi mpaka Colombe akakaa chini.

Kwa hiyo ampli haiko na kosa. Tukairudisha kwetu, nguuu ikarudi. Halafu Maman akawasha réchaud ya umeme kupika maharagwe, na nguuu ikapanda mara mbili. Nikamuomba azime: ikashuka. Awashe: ikapanda. Tulifanya vile mara sita, Maman akauliza kama maharagwe yataiva leo ao kesho.

Kisha akasema kitu ambacho hakukuambia. Alisema: “Mimi réchaud ile inaniuma vidole tangu mwaka jana. Ndiyo maana ninapika nimevaa sapato miguuni.”

Mbona haukusema, nikamuuliza. Akajibu kwamba umeme uliwekwa na bwana yake, na hakutaka kumusumbua mutu aliye mbali.

Papa, unaniruhusu nifungue prizi ya ukuta, pale tunachomeka ampli?

Mutoto wako,
Delphine

Shabunda, tarehe 27 oktoba 1982

Delphine,

Salamu. Mama yako asiguse tena ile réchaud. Apike kwa makala.

Zima disjoncteur kubwa, ile inakata umeme wa nyumba nzima. Jaribu taa zote, uone hakuna hata moja inayowaka. Ndipo ufungue prizi ya saluni. Utakuta waya tatu. Uniandikie kila moja iko na rangi gani na imefungwa wapi. Uniandikie ukweli.

Papa yako

Nguba, tarehe 30 oktoba 1982

Papa,

Jambo, na samahani kwa ile inafuata.

Nilizima yote, nikafungua. Waya nyekundu iko mahali pake. Ya bleu iko mahali pake. Ile ya kijani na njano, ambayo kitabu cha fizikia cha shule kinasema ni ya terre, inayopaswa kushuka mpaka kwenye udongo, haishuki popote. Imekatwa fupi na kufungwa pamoja na ya bleu. Nilifungua prizi zote tano. Zote ni vile.

Sasa nimeelewa. Umeme unaorudi kutoka kwa réchaud unapita kwenye bleu, na bleu imeshika chuma ya ampli yangu na chuma ya réchaud. Ndiyo nguuu, na ndiyo iliyonipiga midomo, maana chuma ya mikro inatoka kwa Colombe, inashuka kwenye udongo. Na bleu ikilegea siku moja huko nje, chuma yote ya nyumba itakuwa umeme mutupu, na mikono ya Maman juu yake.

Nilifurahi kwa kupata jibu, kisha nikaona lile fundo la waya, namna limezungushwa mara tatu kwenda kushoto. Ni mikono yako, Papa. Tumeacha taa tu; prizi hakuna anayezigusa.

Mutoto wako,
Delphine

Nguba, tarehe 11 novemba 1982

Papa,

Jambo. Ndege ya leo imefika kutoka Shabunda, kama ile ya wiki iliyopita. Nilingojea mpaka mufuko wa barua ukaisha. Barua yako haiko.

Mushagalusa anakuja dimanche, tarehe 14. Maman anasema nisikuandikie tena mambo ya waya. Mimi ninaandika kuuliza tu kama uko muzima.

Mutoto wako,
Delphine

UJUMBE WA PHONIE, RADIO YA KUONGEA YA MISSION, Shabunda kwa Bukavu, vendredi 12 novemba, umeandikwa na Sœur Madeleine kama ulivyosemwa

Kwa Delphine wa Nguba. Papa yako muzima. Anasema: kosa ni langu. Waya ya terre ilinipungukia, ndege ilikuwa inaningojea, nikafunga kwa bleu nikisema nitarudi kumaliza. Sikurudi. Hapa kambini nyumba tatu nilifanya vilevile. Nimezifungua wiki hii yote, jana nimemaliza ya mwisho. Nilikuwa na haya kukuandikia kabla ya kumaliza. Tafuta Télesphore, tulifanya kazi pamoja, anakaa Kadutu, anajua. Piquet ya cuivre, ile chuma ndefu ya kuzika, niliiacha nyuma ya jikoni. Papa yako.

Nguba, tarehe 15 novemba 1982

Papa mupenzi,

Jambo sana, na leo barua hii inaandikwa na mikono yenye malengelenge.

Sœur wa mission alileta ujumbe wako akikimbia. Nilienda Kadutu mara moja. Papa Télesphore alisoma karatasi mara mbili, akachukua koffre yake ya vyombo bila kuuliza kitu.

Piquet tulitafuta nyuma ya jikoni, haiko. Tukamuuliza Maman. Akatupeleka shambani: ameisimamisha katikati ya maharagwe, yamepanda juu yake mpaka kwenye ncha. Alikataa tuukate mumea. Aliutoa uzi kwa uzi, akaufunga kwenye muti mwingine, ndipo akatupatia chuma.

Samedi, kesho yake, tulipiga nyundo kwa zamu mpaka piquet ikazama yote, kando ya bomba la maji ambako udongo ni muloevu. Tulivuta waya mupya mpaka kwenye disjoncteur. Prizi ya kwanza Papa Télesphore alinionyesha; zile nne nilizitenganisha mwenyewe, kijani mbali na bleu. Alisimama nyuma yangu akapima kila moja. Disjoncteur nayo akaijaribu: umeme ukitoroka sasa, inakata. Na ampli ya mikro haitoki tena kwa Colombe. Zote mbili sasa zinakunywa umeme wa kwetu.

Dimanche saa nane Mushagalusa akaja. Nikawasha. Alivaa écouteurs, akangoja, akazigonga na kidole, akifikiri zimekufa. Kisha nikapiga. Papa, tulirekodi nyimbo tatu, na ya mwisho nilisogea kwenye mikro, vidole kwenye nyuzi, nikaitikia na Colombe mpaka mwisho. Maman alikuwa amesimama mulangoni bila sapato.

Mushagalusa akikunja kamba zake aliuliza ni fundi gani ameweka umeme. Maman akajibu: “Bwana yangu, na mutoto wangu.”

Itapita kwenye radio dimanche tarehe 28, saa kumi.

Mutoto wako,
Delphine

Shabunda, tarehe 29 novemba 1982

Mwanangu Delphine,

Salamu nyingi kwako, kwa Colombe, na kwa mama yako zaidi. Mwambie ile samahani ninayopaswa kumuomba nitaileta mwenyewe; si ya kuandika.

Jana saa kumi watu wa kambi walijaa kwangu, mpaka wanawake wa zile nyumba tatu. Radio ya hapa inakwama na mawingu, lakini jana Mungu aliyasogeza. Kwenye wimbo wa pili, pale gitare inabaki peke yake, musimamizi wa mine aliuliza ni kijana gani huyu wa Kinshasa. Nilimwambia ni binti yangu wa Nguba. Nilitoka nje kidogo, kisha nikarudi.

Nimepewa congé, siku za kupumzika. Nitafika na ndege ya tarehe 16 desemba. Miaka yote, nikiingia nyumbani, nilikuwa ninasikia ukizima ampli kabla sijafungua mulango. Ile siku usiizime.

Papa yako