Breki Nilizozipaka Mafuta ya Nazi

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua imekatika, nguo zimekauka kambani. Niandike sasa kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Breki za gari langu kuukuu zimelia wiki tatu. Kila nikifika kwenye tuta, ngwiii, mpaka watoto wa mtaa wakawa wananiigiza. Ijumaa iliyopita nilipita msikitini watu wakitoka, wote wakageuka. Niliona haya, wallahi.

Sasa hapa kwetu Ukunda, nyumbani mwetu, chochote kinacholia hupakwa mafuta ya nazi. Bawaba za mlango, cherehani, magoti ya mama. Mama huyapika mwenyewe, mimi humpaka kila jioni.

Basi Jumatatu nikachutama kando ya tairi la mbele, nikachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta, nikaupenyeza kwenye matundu ya rimu na kuipaka ile sahani ya chuma ya breki. Kulia na kushoto. Nikalisogeza gari uani mbele na nyuma. Kimya! Nikajiona fundi.

Mwalimu mzima, nimepaka breki mafuta.

Jumanne nilimchukua mama twende kununua viatu vya kwendea hospitali. Baada ya miaka ya kumbembeleza alikuwa amekubali nimpeleke Msambweni akapimwe magoti, na miadi ilikuwa leo. Karibu na Kona ya Musa, tuktuk iliyopakia magodoro ikasimama mbele yetu. Nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake. Nilivuta breki ya mkono, tukajibwaga kwenye godoro. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila goti la mama, lile lile bovu, liligonga dashibodi.

"Mimi na gari hili basi," akasema. "Na hiyo hospitali basi."

Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Gari likavutwa hadi nyumbani, na jana fundi Bakari akaja na jeki yake. Akafungua tairi, akanusa, akaniuliza kama nilitaka kulisimamisha gari au kulikaanga. Halafu akaacha mzaha. Pedi za breki zilikuwa zimelika, karibu kwisha, na pembeni zina kibati kilichowekwa makusudi kikwaruze sahani na kupiga kelele, ili mwenye gari ajue. Mafuta yalikuwa yamezama ndani ya pedi, hazifai tena. Akaweka mpya, akazisugua sahani kwa msasa, akaziosha kwa dawa ya breki mpaka zikakauka kabisa. Tukajaribu kusimama mara kumi kwenye njia tupu. Likashika kila mara.

Jioni nikamwambia mama ukweli. Alidhani gari ndilo bovu, kumbe bovu ni mimi. Akainuka, akaingia chumbani kwake. Nikajua safari imekufa.

Asubuhi nikamwamkia, nikaenda kuwasha gari hivyo hivyo. Akatoka na buibui lake, mkononi ameshika chupa ya mafuta. Akaketi mbele, akafunga mkanda, chupa akaipakata. Nikamuuliza ya nini.

"Ili nijue iko wapi."

Njia nzima hakuiachia, na kwenye kila tuta alikanyaga sakafu pamoja nami.

Daktari alimpiga picha. Gegedu la goti la kulia, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, akasema, na si la leo wala jana. Akauliza maumivu yana muda gani. Miaka minne. Na mmekuwa mkitumia nini?

Mama akainyanyua chupa.

Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi, na daktari wa watu asijue kuna nini. Mimi yangu hayakuwa ya kicheko yote. Miaka minne nimempaka kila jioni nikijiona mtoto mwema, na kila akinyamaza nikadhani amepona.

Sasa hivi ameinuka kitini na kuguna, ile "uuu" yake ya siku zote. Mkono wangu umeshaanza kutafuta chupa. Naacha kuandika. Naenda kumuuliza ni wapi hasa panapouma.