Shosho Ananiita Mume Wake

Jumatano, hapa kijijini Bahati. Ukungu mzito, hata choo sikioni kutoka mlangoni.

Wacha niseme ukweli: tangu Mungu aanze kuumba wanaume, hajatoa mwingine kama mimi. Nakamua ng'ombe, nafua, napika, nabeba shosho, nyanya yangu, mgongoni kama gunia la viazi, na bado sura ni ya kuwekwa kwa kalenda. Shule niliachia form two, lakini ukiniona nikikoroga uji utaniita daktari.

Shukrani? Zii.

Leo uji wa kwanza ulikuwa moto sana. Nikaupoza, ukawa baridi. Nikapasha, akaumwaga kwa blanketi nililofua jana, kisha akanikazia macho kama mimi ndiye nimemwaga.

Halafu auntie, binti yake, akapiga simu kutoka Nakuru mjini. "Kamau, mathe anasema hajakula. Si ujaribu kuwa serious?"

Serious! Mtu wa kuja Krismasi, apige picha na mamake, aondoke na mayai yangu. Nilikata simu. Nikaenda kupasua kuni hadi zikaniogopa.

Kurudi ndani, shosho akaanza. Mimi nimepewa jina la guka, mume wake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto ananitania, "mume wangu". Nilikuwa naringa nayo, naitisha chai kama mwenye boma. Siku hizi hatanii. Akili inampotea, na anaponiangalia anamwona guka kabisa.

"Kamau, umetoka wapi? Ng'ombe wamelala njaa! Wewe ni mume wa aina gani?"

Ng'ombe walikuwa wameshiba. Mimi ndiye sikuwa nimekula.

Nikalipuka. "Mimi si mume wako! Mume wako alikufa! Tulimzika hapo nyuma ya zizi!"

Akavuta leso taratibu kutoka kichwani.

"Alikufa? Lini? Na mbona hakuna mtu aliniambia?"

Akalia vile alilia siku ile ya mazishi, nikiwa darasa la sita. Nikamwambia nilikuwa natania. Hakunisikia. Sasa amekaa mlangoni, baridi yote hii, anangojea watu wa matanga, na ananiuliza kwa adabu, kama mgeni, kama kuna majani chai ya kuwatosha.

Auntie nitamkasirikia hata kesho, hiyo ni haki yangu. Lakini hii si ya auntie.

Nilitaka tu anyamaze, nikamfanya mjane upya.